Kabla Hujatoa Kodi: Chumba cha Mwanafunzi Nachingwea na Ruangwa

Chumba cha kupanga ni huduma inayonunuliwa sokoni kama nyingine, ila ina tabia moja inayoitenga na kilo ya sukari au mfuko wa saruji. Mnunuzi hulipa kwanza, kisha huishi ndani ya kile alichokinunua kwa miezi sita au mwaka mzima, hata kama kimemchosha siku ya tatu. Sukari yenye mchanga hurudishwa dukani jioni ileile; chumba kinachovuja hakina duka la kurudishiwa. Ndiyo maana sura hii haianzi na mabaraza wala mahakama. Inakaa zaidi kwenye zile siku chache zilizopo kati ya kukiona chumba na kutoa kodi, kwa kuwa ndizo siku pekee ambazo mwenye nyumba anamhitaji mpangaji kama mpangaji anavyomhitaji yeye.

Miongozo mingi ya kupanga huandikwa kwa kuitazama Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro, penye hosteli binafsi na madalali kila kona. Tumezichagua Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa sababu mwanafunzi anayepanga huko hukutana na soko la namna nyingine. Kwa kawaida hupata chumba kimoja katika ua wa familia, mwenye nyumba akiwa jirani wa mlango wa pili, na makubaliano hufungwa kwa mdomo baada ya salamu. Ukaribu huo una heri yake. Mwanafunzi akiugua usiku, kuna mtu wa kumgongea mlango. Lakini ukaribu huohuo humfanya aone haya kuuliza mambo ambayo angemuuliza mgeni bila kusita.

Wapangaji tunaowalenga ni wanachuo wa Chuo cha Ualimu Nachingwea wasioishi bwenini, vijana wanaosomea ufundi katika chuo cha VETA wilayani Ruangwa, na wanavyuo wa mikoa mingine wanaoletwa kwa mafunzo kwa vitendo katika shule, zahanati na ofisi za halmashauri kwa majuma machache. Wapo pia wanafunzi wa sekondari za kutwa ambao vijiji vyao viko mbali na shule, wale ambao chumba chao mtaani huitwa geto. Kundi hili la mwisho ndilo changa zaidi kwa umri, nalo ndilo lenye ulinzi hafifu kuliko yote.

Fedha ya msimu na kodi ya mwaka

Wilaya hizi mbili zinategemea sana korosho na ufuta. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia minada ya chama kikuu cha ushirika RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Msimu wa minada huanza Oktoba na kuelekea mwisho wa mwaka. Ufuta una msimu wake katikati ya mwaka. Kwa hiyo mzazi mkulima hupata fedha nyingi kwa mkupuo mara moja au mbili kwa mwaka, na Januari, shule na vyuo vinapofunguliwa, shauku yake ni kulipa kodi ya mwaka mzima apumzike. Mwenye nyumba naye hupenda hivyo, maana anataka kupaua kibanda kingine kabla bati halijapanda bei.

Hatuupingi utaratibu huo. Fedha ya msimu isipowekwa mahali pake huyeyuka, na kodi iliyokwishalipwa haiwezi kukopwa na mjomba. Tunachosisitiza ni kwamba malipo ya mkupuo ni manufaa makubwa kwa mwenye nyumba, na manufaa hayo hayapaswi kutolewa bure. Tuseme kodi ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 360,000. Mzazi anayeiweka yote mezani anaweza, kwa heshima na bila kuonekana mchoyo, kuomba mwaka huo kwa bei ya miezi 11, yaani shilingi 330,000. Au aache bei ilivyo na aombe kitasa kipya, nyavu za dirisha, na bati moja libadilishwe kabla ya kuhamia. Maombi hayo yakitolewa kabla ya malipo husikilizwa. Yakitolewa baadaye hujibiwa kwa "tutaangalia".

Jambo zito zaidi ni urejeshaji. Mwanafunzi anaweza kuhamishwa, kuugua, kukosa ada au kupata nafasi bwenini mwezi wa pili. Kodi ya miezi kumi iliyobaki itakwenda wapi? Kama hilo halikuzungumzwa kabla ya malipo, mara nyingi jibu huwa kwamba imekwisha kujengewa. Mzazi anayelipa mwaka mzima bila kuuliza swali hili anauweka rehani msimu wake wote wa korosho kwa hisani ya mtu mmoja.

Wengi hutuambia kwamba sheria inakataza kudai kodi ya miezi sita. Tungependa iwe hivyo, lakini sivyo. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi na idadi ya miezi ya kulipia vimeachwa kwa makubaliano ya pande mbili. Mpangaji anayeingia kwenye mazungumzo akiamini analindwa na sheria iliyofutwa huenda mikono mitupu. Silaha yake ni mapatano yenyewe.

Anayekaa majuma manane

Mwanachuo wa mafunzo kwa vitendo ndiye anayeumizwa zaidi na kodi ya miezi sita. Kwa kodi ileile ya shilingi 30,000, anatakiwa kutoa shilingi 180,000 ili atumie miezi miwili yenye thamani ya shilingi 60,000. Njia zipo, na tumezipanga kwa kufuata ile tunayoiona kuwa bora.

Aanze kwa mkuu wa shule au kituo kinachompokea, kabla hajafunga safari. Shule za vijijini mara nyingine huwa na nyumba ya mwalimu yenye chumba kilicho wazi, au mwalimu aliye tayari kumpokea mgeni kwa kuchangia chakula na umeme. Hilo likishindikana, atafute mwanafunzi anayemaliza muda wake na kubakiza miezi aliyokwisha kulipia. Kurithishana chumba namna hii ni kawaida, lakini kuna sharti moja: mwenye nyumba aambiwe na akubali mbele ya wote wawili, la sivyo mrithi atajikuta anaitwa mvamizi. Njia ya tatu ni kumpa mwenye nyumba kodi kubwa zaidi kwa mwezi ili akubali muda mfupi. Shilingi 40,000 kwa miezi miwili ni shilingi 80,000; mwenye nyumba amepata zaidi ya kawaida, na mwanachuo ameokoa shilingi 100,000. Vijana wengi hawaifikirii njia hii kwa kuwa masikio yao yanasikia tu kwamba bei kwa mwezi imepanda.

Kukitafuta na kukitazama

Katika miji hii miwili chumba hupatikana kwa mdomo. Ulizia kwanza chuoni au shuleni, kisha kanisani au msikitini, kwa mama lishe, na kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, ambaye anajua nani ana chumba na nani amehamisha wapangaji watatu kwa mwaka. Madereva wa bodaboda nao wanajua mengi. Akijitokeza dalali, mulizeni mapema ada yake ni kiasi gani na inalipwa lini. Ada ya dalali iliyozoeleka nchini ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, nayo ilipwe baada ya kukabidhiwa ufunguo. Fedha ya "kuonyeshwa" inayodaiwa kabla hujaona hata mlango isikushawishi.

Hapa kuna tahadhari ndogo ambayo mgeni hawezi kuijua. Wilayani Ruangwa ipo kata inayoitwa Nachingwea. Anayeambiwa kwa simu kwamba chumba "kipo Nachingwea" aulize ni wilaya ya Nachingwea au ni kata ya Ruangwa, kabla hajakata tiketi ya basi.

Usilipie chumba ambacho hujakiona wewe au mtu wako. Ukikiona, kione mara mbili: mchana na jioni. Mchana utaona nyufa. Jioni utasikia kama kuna baa jirani, utajua majirani ni akina nani na njia ya kutoka shuleni ina giza kiasi gani.

Kusini hupata msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika mwezi wa Aprili au kukaribia Mei. Chumba kinachotazamwa Septemba hakiwezi kukuambia habari za Februari, isipokuwa ukisome. Tazama juu: dari yenye madoa ya rangi ya chai ilikwisha kulowana. Kama hakuna dari, tazama matundu ya misumari kwenye bati penye mwanga. Tazama chini ya ukuta: chokaa iliyovimba au kubanduka karibu na sakafu inaonyesha kwamba maji hupanda. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kuelekea kwenye mbao ni vya mchwa, na mchwa hawachagui kati ya mlango na daftari. Muulize mpangaji mwenzako, si mwenye nyumba, maji ya mvua hupita upande gani wa ua.

Maji ya kunywa na kuoga yana maswali yake. Mji wa Nachingwea huhudumiwa na MANAWASA, mamlaka ya maji ya Masasi na Nachingwea, ambayo chanzo chake kikuu ni Mbwinji. Bomba kuwapo uani si sawa na maji kutoka. Lifungue. Uliza maji hutoka siku zipi, ankara huja kwa jina la nani na wapangaji hugawana vipi. Kama kuna deni la nyuma, lijulikane leo, kwa sababu huduma ikikatwa haitamkatia aliyedaiwa peke yake. Penye kisima, uliza nani huteka na kwa bei gani.

Choo na bafu ni sehemu ya chumba hata kama viko nje. Hesabu ni watu wangapi wanatumia tundu moja. Angalia kama mlango unafungwa kwa ndani, na kama mtu anayetoka kuoga anapita mbele ya macho ya ua mzima. Kwa msichana hili si suala la starehe.

Umeme: mahali ambapo ndugu hugombana

Kama kuna jambo moja ambalo hubomoa ujirani katika nyumba za kupanga ni mita moja ya LUKU inayotumiwa na vyumba vitano. Kila mwezi mtu mmoja hana fedha, mwingine ana friji, na wa tatu anadai yeye huchaji simu tu. Mwanafunzi, ambaye kweli huwasha taa moja ya kusomea, hujikuta akilipa sawasawa na fundi mwenye pasi na redio kubwa.

Ni vyema kuelewa mambo mawili kuhusu mita hiyo. La kwanza, wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa na TANESCO bei nafuu sana kwa kila uniti. Vyumba vingi vikikusanyika kwenye mita moja huvuka kiwango hicho kwa urahisi, na nyumba nzima huondoka katika kundi la bei nafuu. Kwa hiyo mwanafunzi anayechangia mita ya pamoja hulipa zaidi kwa sababu mbili: hubeba matumizi ya wenzake, na hununua uniti kwa bei ya juu. Chumba chenye mita yake, hata kama kodi imezidi kwa shilingi 3,000, mara nyingi ni rahisi zaidi mwisho wa mwezi.

La pili ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa hukatwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 kila mwezi. Kodi hii ni ya mmiliki wa jengo. Anayeilipa kwa vitendo ni yule aliyebonyeza simu kununua umeme, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Ni shilingi chache, lakini mwisho wa mwaka ni shilingi 18,000 za mtu mwingine. Tunashauri mambo mawili. Mkubaliane kabla ya kuhamia kwamba makato ya kodi ya majengo yatarudishwa au yatapunguzwa kwenye kodi ya pango, na utunze ujumbe wa kila manunuzi unaoonyesha makato hayo. Tena, kama chumba kimekaa tupu kwa miezi kadhaa na mita yake haijanunuliwa umeme, makato huwa yamelimbikizana. Mwombe mwenye nyumba anunue umeme kidogo mbele yako kabla ya kukabidhiana. Kama kuna deni, litajitokeza hapohapo.

Penye mita ya pamoja, njia iliyo ya haki zaidi ni mita ndogo kwa kila chumba. Isipokuwapo, mkubaliane kwa idadi ya vifaa na si kwa idadi ya vichwa: taa na simu kiasi hiki, feni kiasi hiki, friji au jiko la umeme kiasi kile. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani.

Anayepokea fedha ni nani

Nyumba nyingi za kupanga katika miji midogo ni za urithi, au mwenyewe yuko Dar es Salaam na ndugu ndiye anayezisimamia. Hakuna ubaya. Ubaya huanza pale kaka anapopokea kodi ya mwaka Januari, na dada akaja Machi akisema nyumba ni ya marehemu baba na yeye hajui lolote. Uliza bila kuzungukazunguka: nyumba ni ya nani, na wewe unaipangisha kwa idhini ya nani? Kama mmiliki amefariki, msimamizi wa mirathi ni nani? Kama kuna mume na mke, wote wawili wajue. Kisha jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, jambo ambalo mgeni yeyote hupaswa kulifanya, na katika kujitambulisha utasikia kama jina ulilotajiwa linalingana na lile analolijua yeye.

Malipo kwa simu ni salama kuliko noti mkononi, kwa kuwa huacha kumbukumbu, mradi jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha liwe la mtu mliyekubaliana. Ule ujumbe maarufu unaosema "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii" bado unawanasa watu, na wanafunzi ni mawindo yake mazuri, kwa sababu ni kweli wana mwenye nyumba na ni kweli wanadaiwa kodi. Usijibu wala usipige namba hiyo. Mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyoipokea kwake ana kwa ana, na ule ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti jumbe za namna hiyo.

Kuandikiana

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja ufanywe kwa mdomo au kwa maandishi. Mapatano ya mdomo, basi, si batili. Tatizo lake ni ushahidi: miezi sita baadaye kila upande hukumbuka maneno yanayoufaa.

Tunafahamu ugumu uliopo. Mwanafunzi wa miaka 20 hawezi kumwambia mama wa makamo aliyemkaribisha kwa chai kwamba hamwamini. Lakini si lazima aseme hivyo. Anaweza kusema, "Mama, naomba tuandikiane kidogo, mzazi wangu ameagiza nimpelekee karatasi." Maneno hayo ni ya kweli kwa wengi, na humwondolea mwenye nyumba hisia ya kushukiwa. Mzazi naye anaweza kulibeba jukumu hilo kwa simu: "Dada, nakushukuru kwa kumpokea kijana. Nitatuma kodi leo. Naomba mwandikiane, na wewe ubaki na nakala yako." Mwenye nyumba mwema hunufaika na karatasi sawasawa na mpangaji, kwani wapo wanafunzi wanaohama usiku na kuacha deni.

Kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayepaswa kutia saini. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, mtoto hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba, na karatasi iliyosainiwa na kidato cha pili haitamsaidia mtu yeyote, mwenye nyumba akiwamo.

Kama hamkutaja muda wala notisi, Sheria ya Ardhi huutazama upangaji kwa vipindi vya malipo: anayelipa kila mwezi huhesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na anayetaka kuuvunja hutoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Sheria hiyohiyo inamtaka mpangishaji amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa amani, na nyumba ya kuishi iwe katika hali inayofaa binadamu kuishi. Kuezua bati, kung'oa mlango au kuweka kufuli juu ya kufuli si njia ya kudai kodi.

Chumba cha msichana

Tungependa kusema waziwazi jambo ambalo miongozo hulizunguka. Msichana wa sekondari anayeishi peke yake geto, huku fedha ya matumizi ikiisha kabla ya mwezi, huwindwa na wanaume wanaolijua hilo. Sheria ya Elimu, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaadhibu kwa kifungo cha miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lakini adhabu huja baada ya madhara, na mzazi anatafuta kinga. Kwa kundi hili tunashauri hosteli ya shule, hata kama ni ya gharama kidogo au imejaa, iulizwe kwanza. Isipopatikana, wasichana wawili au watatu wa kijiji kimoja wapange pamoja katika ua ambamo mama mwenye nyumba anaishi, na mama huyo afahamiane na wazazi kwa sura na kwa simu. Kitasa kibadilishwe siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna ajuaye funguo za zamani ziko mikononi mwa nani. Mwenye nyumba anayekataa kitasa kubadilishwa amekwisha kujieleza.

Kodi isiachwe idaiwe kwa mtoto. Mwenye nyumba akiwa na dai, ampigie mzazi. Kauli hiyo iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu deni la kodi ni mlango ambao watu wabaya huupitia. Mtoto aliye hatarini, au jirani anayeona dalili, anaweza kupiga 116 bila malipo, au kufika kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi.

Mkishindwa kuelewana

Anza na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Migogoro mingi ya kodi humalizikia barazani kwake. Ikishindikana, Baraza la Kata lina kazi ya kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba: linasuluhisha, na likishindwa, au siku 30 zikipita, shauri huweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Dai la fedha tu, lililotokana na makubaliano, linaweza kufikishwa Mahakama ya Mwanzo. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hutoa ushauri bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza. Na pale mtu anayefanya biashara ya kupangisha au ya udalali amekudanganya kuhusu chumba chenyewe, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na malalamiko ya namna hiyo yaletwe kwetu pamoja na karatasi.

Karatasi yenyewe si lazima iwe na lugha ya wanasheria. Hii hapa inatosha; inakiliwe kwa mkono kwenye daftari, nakala mbili.

"Leo tarehe ____, mimi ________, mwenye nyumba / msimamizi kwa idhini ya ________, nimempangisha ________, mwanafunzi wa ________, chumba kimoja katika nyumba iliyopo ________. Kodi ni shilingi ____ kwa mwezi. Nimepokea shilingi ____, ambazo ni kodi ya miezi ____, kuanzia ____ hadi ____. Umeme utalipwa hivi: ____. Maji yatalipwa hivi: ____. Makato ya kodi ya majengo kwenye LUKU ni ya mwenye nyumba na yatarudishwa kila baada ya miezi ____. Matengenezo yatakayofanywa na mwenye nyumba kabla ya kuhamia: ____. Mpangaji akilazimika kuhama kabla ya muda, atatoa taarifa ya siku ____, na kodi ya miezi iliyobaki itarudishwa ndani ya siku ____, au chumba kitakapopata mpangaji mwingine, lolote litakalotangulia. Mwenye nyumba akihitaji chumba kabla ya muda, atatoa taarifa ya maandishi ya siku ____ na kurudisha kodi iliyobaki yote. Madai yoyote ya kodi yataelekezwa kwa mzazi/mlezi, simu ________. Saini ya mwenye nyumba ________. Saini ya mpangaji au mzazi/mlezi ________. Shahidi wa kila upande ________ na ________."

Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu siku hiyohiyo, pamoja na picha za kuta, dari, mlango na namba ya mita, na uzitume kwa mzazi kabla hujaingiza godoro.